Nyuma ya Ankara

Bwana Hjalmar, umeuliza kwa simu,
sauti yako baridi kuliko Januari ya Uddevalla,
kwa nini silinda moja ya breki, isiyozidi ngumi ya mtoto,
imekula fedha kuliko matairi yote manne.
Hesabu iko mbele. Huku nyuma ndiko kwenye sababu.

Ile uliyoniletea katika mfuko wa nailoni
niliiweka mkono wa kushoto,
ya kiwandani nikaiweka wa kulia,
nikafumba macho.
Mkono haujui kusoma lebo,
lakini unakijua chuma kilichopunjwa.
Nikafumbua. Meno ya pale linapoingia bomba la mafuta
yalikuwa kama ya mtoto wa miaka saba:
mengine yapo, mengine yanakuja.

Na boksi lake! Limeandikwa HALISI mara tatu.
Chema chajiuza; hiki kilijitembeza
mpaka mlangoni kwako, na bendera juu.
Cha kiwandani kina namba tu, tarakimu saba,
kama mtu asiyehitaji kujitambulisha
kwenye harusi ya dada yake.

Nilikwenda Åmål kwa barabara ya chumvi,
kwa mjane Vendela Rask.
Mumewe aliuza spea mpaka kiwanda kikafunga,
naye akazirithi: rafu kumi na moja,
kila kitu kimeviringishwa karatasi ya grisi.
Hamuuzii kila anayebisha.
Aliniuliza kwanza namba ya chesisi,
kama wengine wanavyouliza, wewe mtoto wa nani?
Ndipo akapanda ngazi.

Utasema, Ragnhild, umezidi, gari ni gari.
Ngoja.
Mwaka tisini na nane, kwa haraka na kodi ya gereji,
nilimfungia muuguzi mmoja, Ingegerd, silinda ya bei poa.
Haikupasuka. Ingepasuka, ningeisamehe.
Ilivuja tone, tone, siku kumi na tisa,
hadi kona ya kanisa.
Akakanyaga, na pedali ikazama
kama mguu uliokosa ngazi gizani.
Theluji ikampokea. Theluji, si mimi.
Alitoka akicheka.
Mimi bado.
Silinda ile iko dirishani, karibu na birika.
Siku ukija, nitakupa kahawa na utaiona.

Sasa jambo jingine, nilitamke mwenyewe
kabla hujaligundua ukaniita mwongo.
Ya Vendela ililala miaka arobaini,
na mpira haulali hivyo bila kufa.
Niliubonyeza kwa kucha, ukapasuka
kama midomo ya mtu wa homa.
Kwa hiyo mpira wa ndani ni mpya, umechongwa Borås
na kijana ambaye gari lako lilimtangulia kuzaliwa.
Mstari wa nne, kroni themanini. Sikuuficha.
Chuma ni cha mwaka sabini na moja,
mpira ni wa mwezi uliopita,
na vinaelewana kuliko mimi na ndugu zangu.
Ukiona huo ni udanganyifu, irudishe,
nitakupa fedha ya silinda.
Ya petroli, hapana.

Wanaonunua gari la zamani kwa ajili ya picha
huniomba ning'arishe vitasa.
Wewe uliniomba liende, umpeleke mkeo ziwani Mei.
Ndiyo maana nilikwenda Åmål.

Jana jioni nililiteremsha kilima cha bandarini,
barafu ikinong'ona chini.
Nikakanyaga mara moja, sikupampu.
Likasimama kabla ya mstari mweupe,
si juu yake.
Nikakaa humo kidogo, injini ikiwaka, bila sababu.

Ile yako iko kwenye kiti cha nyuma, ndani ya mfuko wake.
Rahisi huvunja upishi, na upishi hurudiwa.
Itakufaa kuzuia mlango wa banda wakati wa upepo.

Malipo ndani ya siku thelathini.
R. Öberg